Mjadala: Je, ni snea iliyoiharibu St. Anger ya Metallica, au inabebeshwa lawama isiyo yake?

Kidundo
Albamu hii ilitoka Juni 2003, na mpaka leo washabiki wa Metallica, bendi ya metali ya Marekani, hawajakubaliana juu yake. Iliingia namba 1 Marekani, na wimbo wenye jina la albamu ukapewa tuzo ya Grammy mwaka 2004. Hata hivyo, itaje mahali penye mashabiki watatu, wawili watakwambia imeharibiwa na snea, ile ngoma inayolia kama debe tupu. Mimi nasema tunamfunga asiyekuwa na kosa. Kilichoiumiza St. Anger ni namna nyimbo zilivyounganishwa kwa kompyuta, vipande juu ya vipande, hadi zikawa ndefu na zinazunguka palepale. Badilisha ngoma leo, dakika 75 zitabaki dakika 75. Anayepinga aje na sababu, asije na "inaniudhi tu".

Fundi Mitambo
Kidundo, hoja ya urefu naipokea, lakini snea usiisafishe upesi hivyo. Tuanze na chombo chenyewe ili tujue tunabishania nini.

Ngoma ya snea ina ngozi mbili, ya juu inayopigwa na ya chini inayoitika. Chini ya ngozi ya pili kuna nyaya nyembamba zilizojikunja kama springi, zinazobanwa na kushushwa kwa kishikizo kilicho ubavuni. Kishikizo kikiwa kimebana, kila pigo linatoa ule mlio mkavu wa "chaa" unaokatika haraka na kuufunika mvumo wa kopo la ngoma. Ukikilegeza, nyaya zinaning'inia, na kinachobaki ni "toong" yenye noti yake, inayovuma kwa muda. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa bendi, alirekodi zikiwa zimelegezwa, akaupenda mlio ule na kuuacha makusudi. Kwa hiyo haikuwa ajali ambayo hakuna aliyeiona.

Ubaya wake kitaalamu ni huu. Mvumo ule una noti, na noti hiyo haibadiliki gitaa linapohama kutoka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja kwenda nyingine, kwa hiyo mara nyingi inagongana na muziki unaopita juu yake. Halafu mapigo yakienda mbio, kama kwenye wimbo wa "Frantic", pigo la pili linafika kabla mvumo wa kwanza haujafa. Inatandazwa sauti moja isiyokatika, na sikio linachoka. Fundi angeweza kubandika kipande cha jeli au utepe ukingoni mwa ngozi ya juu, nyaya zikabaki zimelegea na mvumo ukafupishwa. Hilo halikufanyika, na hapo ndipo lawama ilipo.

Kidundo
Sawa mkuu, inachosha. Lakini kumbuka albamu yao ...And Justice for All ya 1988. Besi ya Jason Newsted kule haisikiki, ukiitafuta utaishia kubahatisha. Hiyo ni dosari kubwa kuliko ngozi inayovuma, maana chombo kizima kimekosekana. Mbona albamu ile haiitwi takataka? Kwa sababu nyimbo zimepangwa. Kila sehemu inaifungulia mlango inayofuata. Sikio la shabiki husamehe sauti mbaya kama wimbo umesimama.

Sasa angalia St. Anger. Nyimbo 11, na fupi kuliko zote ni "Purify" yenye 5:14. "Some Kind of Monster" ni 8:25, "Invisible Kid" 8:30, "All Within My Hands" 8:48. Urefu peke yake si kosa, kwani wimbo wao wa zamani "Master of Puppets" nao unapita dakika 8. Ila ule una kituo katikati: kasi inashuka, gitaa linabaki safi bila mkwaruzo, solo linaingia kwa upole, kisha wimbo unajengwa tena hadi kufoka. "Invisible Kid" inakupa ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, na ukidhani imekwisha, inaanza upya.

Nyuzi Sita
Kidundo umegusa penyewe bila kupataja. Ni SOLO. Albamu nzima haina hata solo moja la gitaa, na bendi ina mpiga solo Kirk Hammett ndani yake! Kwenye filamu ya Some Kind of Monster (2004), iliyofuatilia kazi hii tangu mwanzo, Hammett anawaeleza wenzake kwamba kuacha solo kutaufunga muziki kwenye kipindi kile, kwa sababu ndio mtindo uliokuwa ukitamba siku zile. Alisema kweli. Ukiisikiliza sasa, unasikia 2003 kila kona.

Na solo si pambo. Mwenye mazoea na muziki wa dansi analijua hili kuliko mtu yeyote: sebene likianza na mpiga solo akanyamaza, ridhimu na besi wanabaki wanazunguka na wachezaji wanatafuta viti. Solo ndilo linalokwambia tumetoka hapa tunakwenda pale. Kwenye St. Anger pengo hilo limezibwa kwa kurudia kiitikio mara ya nne. Urefu unaoulalamikia umezaliwa hapo.

Fundi Mitambo
Na kwenye kompyuta. Hawakufika studio na nyimbo. Walianza 2001 kwenye majengo ya zamani ya jeshi pale Presidio, San Francisco, wakiwa hawajaandika kitu. Walipiga kwa kubuni papo hapo, wakarekodi masaa na masaa, kisha vipande vikachaguliwa na kuunganishwa kwa programu ya Pro Tools. Njia hiyo ina mtego wake. Kunakili kipande na kukibandika mara sita ni kazi ya sekunde. Mpigaji anayelazimika kupiga rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) moja mara sita kwa mikono yake angechoka kufikia ya tano, akabadilisha kitu: angeongeza noti, angekata pigo, angepandisha. Uchovu wa mkono ni mhariri mzuri. Kompyuta haina mkono.

Tazama mchanganyiko wake sasa: sauti ya ngoma wameiacha mbichi, iwe kama bendi ya gereji, lakini mpangilio ni wa kukata na kubandika. Gereji halina Pro Tools. Ukali wa sauti unakwambia "tupo hapa, tunapiga", mpangilio unakwambia hakuna aliyeupiga wimbo huu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo kasoro inayoniuma zaidi, kuliko hata mvumo.

Nuru wa Matoazi
Ndugu zangu, mnaipima albamu kwa rula bila kuuliza ilizaliwa wapi. Newsted aliondoka Januari 2001. Mwimbaji James Hetfield akaingia matibabu ya ulevi Julai mwaka huohuo, kazi ikasimama miezi mingi. Aliporudi, alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi kuanzia saa 6 mchana hadi saa 10 jioni tu, na wenzake wakatakiwa wasiendelee na muziki asipokuwepo. Mshauri, Phil Towle, alilipwa dola 40,000 kwa mwezi kuwapatanisha. Hata mashairi, ambayo zamani yalikuwa shamba la Hetfield peke yake, yaliandikwa na wote, prodyuza Bob Rock akiwemo.

Watu walio katika hali hiyo wangetoa albamu iliyopigwa pasi, yenye solo safi na snea iliyofungwa vizuri, wangekuwa wanatudanganya. Mvumo ule mnaousema ni kelele ya nyumba yenye ugomvi. "The Unnamed Feeling" inazungumzia hofu inayomshika mtu bila jina; unataka ngoma yake ilie kwa adabu? Na marudio ya kiitikio ndivyo hasira inavyosema, maana mwenye hasira hurudia neno moja. Solo ni hotuba. Mtu aliyekabwa koo hahutubii.

Nyuzi Sita
Dada Nuru, maneno mazuri, lakini maumivu ya msanii hayageuki muziki mzuri kwa kuwa ni maumivu. Bendi ya Alice in Chains ilirekodi albamu ya Dirt ya 1992 ndani ya mateso ya dawa za kulevya, na solo za mpiga gitaa wao Jerry Cantrell zimo, zinalia kuliko mwimbaji. Solo linaweza kuwa kilio.

Nuru wa Matoazi
Cantrell aliandika kwa solo. Hawa waliandika bila solo. Kulichomeka baadaye kungekuwa kiraka.

Mwana Besi
Naona besi imetajwa kwa 1988 tu, wakati hapa nako kuna jambo. Bendi haikuwa na mpiga besi wakati wa kurekodi. Aliyepiga ni Bob Rock mwenyewe, prodyuza. Robert Trujillo alichaguliwa kuwa mpiga besi mpya Februari 2003, kazi ikiwa ukingoni. Rock anajua kupiga, hilo silipingi, ila mpiga besi wa bendi hukaa na mpiga ngoma hadi wakapumua pamoja.

Halafu kuna kutuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi hadi noti inayotakiwa. Sehemu kubwa ya albamu magitaa yameshushwa: uzi mnene umetoka E hadi C, yaani nusu-toni 4, na mingine imeshuka toni nzima. Kutoka chini kwenda juu unapata C G C F A D. Uzi mnene wa E unatetema mara 82 hivi kwa sekunde. Ukishushwa hadi C unafika 65. Hapo gitaa limeingia shamba la besi. Usipokata mitetemo ya chini ya gitaa kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti), vyombo viwili vinagombea kiti kimoja na unachosikia ni tope.

Kwa anayetaka kuzipiga nyumbani: usitumie nyuzi za kawaida zenye unene wa kuanzia inchi 0.009 au 0.010, zitalegea, zitagonga vyuma vya shingo, na kila ukikandamiza noti inapanda. Weka seti ya kuanzia 0.011 au 0.012, uzi wa mwisho uwe 0.056 au 0.060. Kisha angalia shingo, maana mvuto umebadilika, na upange upya urefu wa kila uzi kwenye daraja. Punguza mkwaruzo wa amplifaya. Makosa ya wengi ni kuzidisha mkwaruzo wakidhani ndio uzito, kumbe unameza mkwanguo wa kijiti cha kupigia nyuzi.

Toleo la kwanza lilikuja na DVD ambayo Trujillo anapiga nyimbo zote 11 na wenzake mazoezini. Isikilizeni hiyo kabla ya kuhukumu. Nyimbo zilezile, lakini watu wanne wanatazamana.

Kidundo
Asante Mwana Besi, umenipa ushahidi. Ikiwa zinasimama zikipigwa moja kwa moja, basi mbegu ilikuwa nzuri na kilichoharibika ni upishi. Kuna mashabiki waliorekodi upya albamu nzima na kuitoa 2015, snea imebanwa, nyimbo zimepunguzwa. Waliobadilisha mawazo baada ya kuisikia si wachache.

Fundi Mitambo
Lakini walibadilisha vyote viwili, snea na urefu! Huwezi kuutumia ushahidi huo kuiondolea snea hatia. Jaribu mwenyewe kwa kitu kimoja kimoja. Chukua "St. Anger", ule ubeti wa taratibu ambapo gitaa ni safi, weka kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti. Fungua ikwalaiza, chagua kilele chembamba kimoja, kipandishe desibeli 10, kisha kitembeze polepole kutoka mitetemo 300 hadi 1,000 kwa sekunde. Mahali mvumo utakapokupigia kelele masikioni, ndipo penyewe. Sasa geuza, shusha desibeli 6 hadi 8 hapohapo. Usizidishe, kwa sababu gitaa na sauti ya Hetfield zinakaa humohumo, utawatoboa. Snea haitapona kabisa, lakini utaweza kumaliza wimbo bila meno kuuma. Baada ya hapo ndipo utajua kama tatizo la urefu bado lipo.

Kidundo
Lipo! Na dawa yake ni hii: ondoa "Invisible Kid" (8:30), "My World" (5:45) na "Shoot Me Again" (7:10). Unabaki na nyimbo 8 na dakika kama 54, karibu sawasawa na albamu ya Master of Puppets, ambayo nayo ina nyimbo 8. Kwa "Some Kind of Monster" tumia toleo la redio, limekatwa karibu nusu na hakuna kilichopotea.

Mwana Besi
"Shoot Me Again" iache. Rifu yake ni nzito na besi inapata nafasi. Toa "Purify".

Nyuzi Sita
Hata ukitoa zote tatu, 2008 walitujibu wenyewe. Albamu ya Death Magnetic, prodyuza Rick Rubin, solo zimerudi, mipangilio ya zamani imerudi.

Fundi Mitambo
Na sauti ikabanwa kwa kompresa (kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo) hadi inakatika vichwa na kukwaruza, kiasi kwamba nakala ya mchezo wa video wa Guitar Hero ilisikika safi kuliko diski. Kwa hiyo solo zimerudi, uchovu wa sikio umebaki palepale. Bora mvumo wa St. Anger, ambao angalau ni wa chombo kilichopigwa na mtu.

Nuru wa Matoazi
Fundi, hapo umekuja upande wangu.

Kidundo, orodha yako siipingi sana, ila "All Within My Hands" usije ukaigusa. Mwaka 2019, walipopiga na okestra ya San Francisco, waliuchagua wimbo huo, wakaupiga polepole, Hetfield akiimba kwa utulivu. Ni mzuri, na umewavuta wengi waliokuwa wakiicheka albamu. Sasa rudi kwenye ule wa 2003, dakika za mwisho, anaporudia neno moja kwa ukelele hadi sauti inapasuka na ngoma inavuma chini yake. Ule wa 2019 ni mtu aliyepona akisimulia ugonjwa. Mimi nataka na ule wa mgonjwa uendelee kuwepo, na nyaya zake zikiwa zimelegea.

Kidundo
Ubaki, Nuru. Ila ubaki na dakika 6.