Toyota MR2 ya injini katikati, kwa barabara za Arusha inafaa?

Wakuu habari, niko Njiro, nimeipenda MR2 SW20 (toleo la pili) ya manual ila naambiwa injini iko nyuma ya siti, mbele ya tairi za nyuma, na kwenye kona gari inageuka kama kisu, waliowahi kuiendesha nipeni ukweli

> Ukweli ni kwamba ni tamu mno, mbele nyepesi, usukani unakuelewa haraka, sasa shida ukiingia kona na spidi halafu ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinakosa mshiko na mkia unakuja kukuangalia usoni. Punguza kabla ya kona, ndani ya kona mafuta kidogo kidogo. Tafuta kuanzia modeli ya 1992, saspensheni waliirekebisha.

> Mangi hapa toka Moshi. Matuta je? Gari iko chini hiyo na siti mbili tu, shemeji atasema nini 😂

> Injini isikutishe chalii wangu, injini yake ya 3S ni familia moja na za RAV4 za zamani, mafundi wanaijua. Ila bodi yake na vioo utaagiza, na ushuru wa uchakavu wa gari kuukuu TRA hawakuachii

> Mvua za masika usiitoe na tairi vipara