Ushauri: mfumo wa simu kwa ofisi ya vifurushi Mtwara, nichukue upi?

Mzigo_Kusini:
Habari za jioni wakuu.

Nina ofisi ya kusafirisha vifurushi hapa Mtwara mjini, na matawi madogo Lindi, Masasi na Newala. Magari hatuna, mizigo tunapakia kwenye mabasi. Tupo sita. Namba ya kwenye bango ni moja, na simu yenyewe ni kitochi anachokaa nacho keshia wa Mtwara. Mteja wa Newala akitaka kujua kama gunia lake limefika, anampigia keshia wa Mtwara, keshia anampigia wa Newala, kisha anamrudia mteja. Muda huo wengine watatu wanaambiwa namba inatumika.

Siku za kawaida tunavumilia. Msimu wa korosho watu wakishalipwa ni vurugu: mabati, magodoro, vipuri vya pikipiki. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika Somanga, kitochi kililia mpaka keshia akakifungia kwenye droo akaenda kunywa chai. Sikumlaumu.

Sasa kuna kijana wa kampuni moja ya Dar kaniletea mfumo wa kwenye intaneti. Mteja anasikia "bonyeza moja kwa Mtwara, mbili kwa Lindi", simu zinapangwa foleni, zinarekodiwa, na mimi naona nani kapokea ngapi. Bei dola 25 kwa kila mpokeaji kwa mwezi, mkataba wa mwaka, nilipe kabla. Fundi wa hapahapa naye anasema atanifungia mtambo wangu wa simu ofisini kwa programu ya bure, Asterisk, nimlipe vifaa na kazi tu.

Naombeni mawazo.

Chuno_Kwetu:
Chukua wa Dar mkuu. Karne hii kitochi?

Fundi_Nyaya:
Kabla ya kuchukua chochote, unajua unapoteza simu ngapi kwa siku? Hujataja. Hamishia ile laini kwenye simu janja kwa siku tatu na washa huduma ya simu kusubiri, ili hata waliokuta unaongea waonekane kwenye orodha. Andika daftarini.

Kisha tazama saa yenye vurugu kuliko zote. Zikiingia simu 30 na kila moja ikala dakika 3, hizo ni dakika 90 za maongezi ndani ya dakika 60. Mtu mmoja hawezi hata umpe masikio manne. Wawili watahema, kuanzia watatu ndipo foleni inapumua. Hesabu hizi zina mwenyewe, Mdenmaki anaitwa Erlang, alizianza mwaka 1909 na watu wa simu wanazitumia hadi leo. Mfumo hauongezi midomo. Kama anayepokea ni yuleyule mmoja, dola zako zitanunua foleni yenye muziki.

Bint_Mikindani:
Kaka, nimekaa miaka minne kwenye kitengo cha kupokea simu za wateja Dar, na hedifoni nilikuwa navaa hadi ndotoni. Hiyo ya "bonyeza moja" usiikimbilie. Mzee wa Tandahimba akisikia sauti ya mashine anadhani salio limekwisha, anakata. Anayebaki anabonyeza namba yoyote, ilimradi apate mtu. Kwa wateja wako sauti ya binadamu ndiyo mfumo, na kama anajua Kimakonde au Kiyao, heri zaidi.

Kwenye daftari la Fundi ongeza mstari mmoja: alitaka nini? Sisi tulikuja kugundua nusu ya simu ni swali lilelile.

Na kurekodi usifanye kimyakimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Mteja aambiwe anarekodiwa na kwa sababu gani, na wewe unayekusanya taarifa za watu unatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize huyo kijana rekodi zinakaa nchi gani. Akianza kujikuna, umeshapata jibu.

Mzigo_Kusini:
Asanteni. Daftari naanza kesho. Fundi, intaneti ya hapa itaweza? Kijana anasema haina shida.

Fundi_Nyaya:
Kasi siyo tatizo. Simu moja kwa njia ya kawaida ya kupitisha sauti kwenye intaneti, inaitwa G.711, inataka kama kilobiti 85 kwa sekunde kwenda na nyingine kurudi. Kwa dakika ni takriban MB 1.3. Mkiongea wote sita kwa pamoja hamfikishi hata megabiti moja kila upande. Shida ni kuyumba. Video ikikwama kidogo unavumilia, sauti ikikatikakatika mteja anakata.

Na kumbuka Mei hiyohiyo ya Hidaya, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikasumbua nchi nzima. Yaani wiki moja barabara imekatika na wateja wanapiga kama wendawazimu, wiki inayofuata mfumo wako wa dola 150 umelala. Mkataba usiposema simu zinaangukia wapi intaneti ikizima, usisaini. Mwaka mzima kwa malipo ya kabla nao mrefu mno. Omba mwezi mmoja wa kujaribu.

Huo wa Asterisk si mbaya, umekuwepo tangu 1999 na unafanya kazi. Swali ni siku fundi akihamia Dodoma. Na kuingiza laini za kawaida kwenye mtambo kunataka kifaa cha kati chenye matundu ya laini. Uliza kampuni yako ya simu na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kwanza, maana kisanduku chenye laini nyingi kinafanana sana na vya wale wanaopitisha simu za nje kwa magendo.

Kwa kuanzia kuna njia ya bure. Kwenye simu ya namba ya bango piga \*\*61\*namba ya mwenzako# ili isipopokelewa ihamie kwake, na \*\*67\* kwa muundo uleule ikiwa inatumika. Kufuta vyote ni ##002#. Dakika za kuhamisha unalipa wewe mwenye namba, usije ukanilaumu.

Korosho_Ghafi:
Mnaongea mitambo tu. Mimi nauliza hivi: hiyo laini ya kwenye bango imesajiliwa kwa alama za vidole vya nani?

Mzigo_Kusini:
Mh. Ya keshia wetu wa kwanza. Aliacha kazi 2022, yuko Nachingwea.

Korosho_Ghafi:
Basi biashara yako iko Nachingwea. Siku akisema laini imepotea akaomba mbadala, wateja wako wote wanapokelewa na yeye, na kama mnapokelea malipo humo ndiyo usiseme. Mfuate kabla hujaongea na mtu yeyote wa mifumo. Muende naye duka la mtandao na kitambulisho chake cha NIDA, wewe na TIN na leseni, laini ihamie jina la biashara.

Chuno_Kwetu:
Hapo hata mimi nimenyamaza.

Mzigo_Kusini:
Wakuu, nimerudi na daftari. Siku tatu zimeingia simu 214, tumepokea 121. Msimu bado! Katika zile 121, simu 78 ni swali moja: "mzigo wangu umefika?"

Bint_Mikindani:
Si nilisema. Hao 78 hawataki kuongea na wewe, kaka. Mzigo ukishuka kwenye basi, tawi limtumie mwenyewe meseji palepale: umefika, ofisi inafungwa saa fulani, njoo na kitambulisho. Mwezi ukiisha hesabu tena, ndipo uzungumze na watu wa dola.

Mzigo_Kusini:
Newala na Masasi wameanza jana, na simu ya Mtwara sasa inahamia Lindi ikiwa inatumika. Kijana wa Dar nimemwambia aje Septemba, na mkataba wa mwezi mmoja mkononi.

Yule wa Nachingwea nimeongea naye. Anakuja Jumamosi, anataka nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana. Nimekubali harakaharaka kabla hajakaa akafikiria.