Tupeane uzoefu: siku modi ilipokubali na siku ilipokuulia gemu (San Andreas, BUSSID na wenzake)

Konda wa Grove Street

Wakuu habari za jioni. Huu uzi wa modi, yaani faili unazoongeza kwenye gemu kulibadilisha, nimekaa nao kichwani muda, leo nimeamua niuweke maana jana nimelala saa tisa usiku kwa ajili ya kipanya, na simaanishi kipanya cha kompyuta, namaanisha Hiace ile ya zamani ya daladala, nimehangaika nayo wiki mbili niiingize kwenye gemu la GTA San Andreas ikae vizuri na ubavuni imeandikwa Posta Mwenge.

Mi nilianzia kwenye banda la gemu Temeke, PS2, unalipia kwa nusu saa na nyuma yako kuna foleni ya watoto wanakuhesabia dakika kuliko mwenye banda. Misheni hakuna aliyefanya, tulikuwa na daftari la kodi tu, zile namba za siri za kubonyeza upate vitu bure, ile ya hela na afya mpaka leo vidole vinaijua, R1 R2 L1 X halafu kushoto chini kulia juu mara mbili. Sasa siku moja mwenye banda akaja na CD imeandikwa kwa mkono GTA SPIDERMAN. Aisee. Ile siku nililipa hela ya daftari la shule. Jamaa anatembea Los Santos, mji wa kwenye gemu, na nguo nyekundu, anapanda baiskeli, anakula kuku, mimi nikaamini kabisa Wamarekani wametoa gemu jingine. Imenichukua miaka kujua kwamba ni San Andreas ileile, CJ, yule mhusika mkuu, kabadilishwa ngozi tu, basi.

Siku nimepata kompyuta kitu cha kwanza kutafuta ilikuwa hiyo, wanabadilishaje. Ndo hapo nikaingia kwenye ugonjwa huu.

Kwa hiyo tupeane, ulianzaje, gemu gani, ilikubali lini na ilikuharibikia wapi. Halafu na mimi nina shida, nikishaweka kipanya changu nikaendesha kama dakika tano maghorofa yanaanza kupotea, mara barabara haipo, naanguka chini kwenye bluu tupu naelea na daladala yangu. Mwenye kujua asinipite.

Majengo Boy

Mimi niko Mombasa. Ntakwambia ya saiba, 2009 hivi, mashine za Pentium 4 na San Andreas iko kwa kila mashine, bob moja kwa dakika. Mimi na ndugu yangu tukapata modi ya matatu kwa flashi ya jamaa, tukaieka, ikashika, tukawa tunazunguka Los Santos na mathree sisi wenyewe, huyu anaendesha huyu anapiga kelele za kondakta kwa mdomo maana gemu haina sauti hiyo. Saiba nzima wamesimama nyuma yetu.

Kesho yake tukarudi, hamna kitu. Gari ni ile ile ya mwanzo. Tukaieka tena. Siku ya tatu, hamna. Tukaanza kusema labda kuna mtu anatuchukia. Kumbe yakhe mwenye saiba alikuwa ameeka ile programu ya kugandisha mashine, ukizima ukiwasha kila kitu kinarudi kilivyokuwa, ili watu wasimjazie virusi. Sisi hatujui. Basi kila siku tunaanza upya, na wakati huo hatujui kuingiza gari moja peke yake, tulikuwa tunakopi gta3.img nzima kutoka kwa flashi, ile faili yenye magari na mji wa gemu, na hiyo faili inakaribia GB moja. Unakaa unatazama mstari wa kijani unatambaa huku dakika zinakwenda. Bob kumi na tano kabla hujagusa usukani. Tulifanya hivyo likizo nzima ya Agosti.

Mwishowe mwenye saiba akatuhurumia akatuekea kwa mashine namba nne iwe ya kudumu. Mashine ile ikawa haipatikani tena, wakubwa walikuwa wanaichukua asubuhi.

Mzee wa Bando

Hahahaha likizo nzima unalipia kukopi. Huo mtaji ungefungua saiba yako

Fundi Handling

Konda nakuja kwenye shida yako, ila kwanza na mimi nitoe ya kwangu maana zinahusiana kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa modi nilikuwa najiona mjinga. Kila kinachokubali kwa wenzangu kwangu kinagoma. Naweka CLEO, kile kiongezo cha kuendesha modi za skripti, gemu halifunguki. Nafuata maelekezo neno kwa neno, linazima kimya kimya hata kosa halionyeshi. Nikafuta nikaweka upya mara nyingi mpaka mama akauliza hiyo kompyuta kwani ina malaria. Kumbe nilikuwa na toleo la pili. Wanaoikumbuka 2005, gemu lilipofika kwenye kompyuta mwezi wa sita kuna modi ikatoka inaitwa Hot Coffee, ikafungua vipande vya mambo ya kikubwa ambavyo watengenezaji walivificha ndani bila kuvifuta, Marekani likawa jambo zito, mwezi wa saba gemu likapandishwa daraja likawa la watu wazima tu na maduka makubwa yakalitoa. Baada ya hapo likatoka toleo lililozibwa, na hilo lililozibwa likawa halielewani na modi nyingi. Ndo maana mpaka kesho kila mtu anakwambia tafuta 1.0, lile toleo la kwanza. Mimi nimepoteza mwaka kwa sababu ya skendo ya Wamarekani nikiwa Morogoro.

Jinsi ya kujua, nenda kwenye folda ya gemu, angalia ukubwa wa gta_sa.exe, ile ambayo modi nyingi zinaipenda ina baiti 14,383,616. Ukikuta namba nyingine usianze kumlaumu aliyetengeneza gari.

Haya kipanya chako. Fungua ile txd ya gari, faili la picha zinazolivika rangi, uangalie picha zake zina ukubwa gani. Nakuhakikishia utakuta 2048 kwa 2048, siku hizi watu wanachukua gari kutoka gemu jipya wanalitupa San Andreas bila kulipunguza. Picha moja ya saizi hiyo ikiwa haijabanwa inakula MB 16. Ukiwa nazo sita piga hesabu mwenyewe, na hili gemu lilitengenezwa kwa PS2 ambayo RAM yake yote ni MB 32. Kinachotokea ni kwamba gemu linapakia mji kidogo kidogo kadiri unavyotembea, nafasi ikishajaa gari lako basi linashindwa kupakia barabara iliyo mbele. Mji hauharibiki, haujaja tu. Punguza zote ziwe 512, hapo kila moja ni MB 1 hata bila kuibana, na ukiibana ni kidogo zaidi. Maandishi ya Posta Mwenge tu ndo uyaache 1024 kama unataka yasomeke.

Na tafadhali acha kuingiza kwenye gta3.img moja kwa moja kama bado unafanya hivyo. Weka Mod Loader, unatupa faili kwenye folda yake, ukichoka unafuta, gemu lenyewe hujaligusa.

Konda wa Grove Street

Fundi umejuaje. Nimefungua sasa hivi, zipo saba na zote ni 2048. Hata tairi. Tairi mzee!! Ngoja nizishughulikie.

Binti Chumbageni

Mi sina kompyuta, yote nimefanyia kwenye simu, Bus Simulator Indonesia (BUSSID), gemu la kuendesha mabasi, na nadhani humu tuko wengi ila mnajifanya watu wa GTA.

Nilianza kwa sababu ya mdogo wangu. Alikuwa anacheza ananiambia dada hebu nichoree basi la Tanga. Livery ya BUSSID kumbe ni picha tu iliyotandazwa, kama kitambaa cha gauni kabla hakijashonwa, huku ubavu wa kulia, huku wa kushoto, huku nyuma, wewe unachora juu yake halafu gemu linakushonea. Na mimi mama yangu fundi cherehani kwa hiyo nilielewa haraka kuliko yeye aliyeniomba. Ya kwanza maandishi yalitoka kinyumenyume upande mmoja, mdogo wangu alicheka siku mbili. Ya tatu nikaiweka kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi nakuta meseji zaidi ya mia, watu wanataka za mikoa yao, huyu wa Mbeya huyu wa Mwanza, mwingine yuko Lubumbashi anataka basi la kwao.

Unajua kwa nini hili gemu limetushika sisi? Watu wanasema ni kwa sababu ni bure na linaingia kwenye simu, sawa, lakini kubwa ni kwamba Indonesia wanaendesha kushoto kama sisi. Mlango uko upande wetu, usukani uko upande wetu, kuna pikipiki zinakuchomekea, kuna watu wamesimama barabarani, kuna mabonde yanayofanana na Lushoto. Ukiweka livery ukaweka na honi, unasahau kabisa kwamba kibao kimeandikwa Surabaya. Na wale watoto wa Indonesia wanaoomba dereva apige honi ya telolet, si ndo sisi tuliokuwa tunasimama barabara kuu tunavuta mkono juu lori lipige honi.

Ilipoharibika sasa. Niliamua kuuza, elfu mbili kwa moja, siyo hela ya maana, vocha. Mtu mmoja akanunua kumi. Wiki haijaisha nazikuta kwenye chaneli yake zote kumi, jina langu nililoandika kidogo kwenye bampa limefutwa limewekwa la kwake, na faili kaweka nywila ambayo anasema iko ndani ya video dakika ya saba. Yaani nyie. Kazi yangu mwenyewe naangalia matangazo ili nijue nywila yake. Nililia kweli. Siku hizi jina nalificha kwenye maua ya pazia la dirishani, anayetaka kufuta aanze kuchora pazia.

Mpiga Misheni

Mi naonaga modi ni za watu walioshindwa gemu. Maliza stori kwanza asilimia mia ndo uanze kubandika madaladala.

Majengo Boy

Wewe umeimaliza ile misheni ya San Andreas ya ndege za rimoti za Zero bila kodi?

Mpiga Misheni

Ile siyo lazima

Majengo Boy

Haya.

Mgogo wa Los Santos

Mi ni mtu wa GTA V. Ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015 nilikuwa chuo, gemu lilikuwa linataka GB 65, nikadaunlodi usiku kwa Wi-Fi ya chuo siku kumi na moja, mchana natembea kama mchawi. Nikaja kulijaza modi mpaka likasahau lilivyozaliwa.

Uchungu wa V ni apdeti. Modi nyingi za skripti zinasimamia Script Hook V, na kila Rockstar, watengenezaji wa gemu, wakitoa apdeti toleo linabadilika, Script Hook inakwambia hailijui toleo hili, na modi zako zote zinalala mpaka mwenyewe aliyeitengeneza aamke atoe mpya. Unaweza ukawa umepanga wikiendi yako vizuri, umenunua juisi, ukawasha, kimya. Nilijifunza kuzima intaneti kabla sijawasha gemu.

Na kuna ile ya Juni 2017, kampuni mama Take-Two ikawaandikia barua ya kisheria watu wa OpenIV ambayo ndo ufunguo wa kuingilia faili za gemu, jamaa wakatangaza wanafunga. Watu wakaja juu, gemu likamiminiwa tathmini mbaya kwenye duka la gemu la Steam, na kabla mwezi haujaisha OpenIV ikarudi. Leo ukiangalia, 2023 Rockstar wenyewe wamewachukua wale wa FiveM, modi ya kucheza V onlaini kwenye seva za watu, wakawaweka ndani. Sisemi chochote.

Kosa langu ni la kijinga kuliko yote humu. Nilisahau kutoa modi nikaingia onlaini. Nilikuwa na menyu ya kuita magari, wala sijaigusa, ipo tu. Nikafungiwa. Rafiki zangu wanaingia kuibia benki mimi nawasikiliza kwenye simu.

Fundi Handling

Pole. Ila nikumbushie na wale wa San Andreas, ukibadilisha main.scm, faili la misheni za gemu, sevu zako za zamani hesabu zimekufa, stori nyingine hiyo. Mi nilikuwa nimefika Las Venturas. Kopi ile folda ya User Files kabla ya chochote, faili zenyewe nane tu, flashi ya mwaka wowote inatosha.

Konda wa Grove Street

Wakuu nimerudi. Fundi Mungu akuweke. Nimezipunguza zote, nimeendesha kutoka Ganton mpaka San Fierro, nikarudi, barabara ipo mwanzo mwisho, Mlima Chiliad upo, hamna bluu. Na kwa sababu nimebadilishia Rumpo, gari la gemu lenyewe, basi kila Rumpo ya mjini sasa ni kipanya, nimekutana nazo nne kwenye foleni moja zote Posta Mwenge, utafikiri zinagombania abiria. Nilicheka peke yangu.

Ila kuna kitu sikukiwaza. Usukani wa kipanya uko kulia na CJ anaingilia kushoto anakaa kushoto. Kwa hiyo ameketi kwenye siti ya konda, mikono mbele, anaendesha hewa, usukani unazunguka wenyewe pembeni yake. Na mlango wa abiria uko kushoto wakati kule wanaendesha kulia, kwa hiyo nikipaki kituoni unatazamana na magari yanayokuja. Mtu akishuka kagongwa.

Binti Chumbageni

Si nilisema

Konda wa Grove Street

Ulisema dada. Hiyo BUSSID inahitaji simu ya RAM ngapi?