Ulinzi wa baa na mgahawa: walinzi wa kampuni, mabaunsa wako mwenyewe au kamera?

kaunta_ya_mbele:
Wakuu habari zenu. Nina mgahawa ambao usiku unageuka baa, nipo njia panda kwenye swala la ulinzi. Nichukue walinzi wa kampuni, niajiri mabaunsa wangu mwenyewe, au niongeze kamera na kuwafundisha wahudumu afu mlangoni abaki mtu mmoja tu? Wiki iliyopita wateja wawili walipigana, nikajikuta naamua mwenyewe huku chupa zinaruka, kwa kweli nimechoka kufunga baa roho ikiwa juu juu. Mliopita huku mnaonaje?

shifti_ya_usiku:
Mkuu mi nimesimama mlangoni miaka sita, kwanza kwa kampuni afu kwa mwenye baa moja kwa moja. Kampuni raha yake mlinzi akiumwa analetwa mwingine, na mafunzo na bima viko kwao (ila mkataba usome mwenyewe, usiamini maneno ya mdomo). Shida wanabadilisha watu, leo huyu kesho yule, na huyo mgeni hamjui mteja uliyempiga marufuku mwezi jana, hajui ugomvi huanzia kona ipi wala nani akishalewa anaanza kuwasumbua wadada. Mtu wako anazijua sura zote. Mi ugomvi mwingi nilikuwa nauzima kwa mdomo tu, namvuta mtu pembeni mbali na wenzake naongea nae taratibu, maana mbele ya washkaji zake hawezi kukubali kushuka.

mama_wa_jikoni:
Naunga mkono mabaunsa, ila angalia akili kabla ya kifua. Nilipokuwa nafanya kazi kulikuwa na mmoja akimkamata mtu anamlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni, nilikuwa nalia nikiona. Mtu aliyelewa akikandamizwa hivyo anakosa pumzi na anaweza kufa hapo hapo nyie mkidhani katulia. Kama imebidi alazwe chini basi ageuzwe ubavu au akalishwe haraka. Na kesi ikija usidhani itaishia kwa baunsa, wewe mwajiri unaitwa pia.

fundi_waya:
Kamera nazifunga mwenyewe na nakwambia hazizuii ngumi. Zinasaidia baadae kujua nani alianza, na kwenye hela za kaunta. Ya mlangoni iwe usawa wa uso, wengi wanaipandisha juu sana wanaishia kurekodi kofia. Kabla ya kuongeza nyingine weka taa za kutosha pale watu wanapopaki magari.

zamu_mbili:
Mbona hakuna aliyegusa milango? Naombeni mnisikilize hapa. Januari 2013 kule Brazil, mji wa Santa Maria, ukumbi wa Kiss uliwaka moto baada ya fataki za jukwaani kushika sponji ya dari, watu 242 wakafa, wengi kwa moshi, na walionusurika walisema walinzi mwanzoni waliwazuia kutoka wakidhani wanakimbia bila kulipa. Na Boston kule Marekani mwaka 1942, klabu ya usiku ya Cocoanut Grove nayo iliwaka moto, walikufa 492, baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo awe wa kampuni au wako, kabla hujamuuliza mshahara muulize moto ukiwaka atafanya nini, maana mlinzi uliyemwambia kila siku kazi yake ni kuzuia watu wasitoroke na bili, siku hiyo atazuia kweli. Na awe anahesabu watu wanaoingia na kutoka, ukumbi ukijaa mlango usimame hata kama nje kuna foleni.

kaunta_ya_mbele:
Daah, mlango wangu wa nyuma una kufuli na funguo anazo mtu wa stoo. Naitoa leo hii. Je nikiweka mmoja wangu wa kudumu afu kampuni waje wikiendi tu?

shifti_ya_usiku:
Hiyo ndo ningefanya mimi. Ila wa kwako awe ndo kiongozi wao, waje mapema awazungushe wajue milango yote. Na wahudumu wako wape ruhusa kabisa ya kumnyima pombe aliyezidiwa bila kukuogopa, sababu mlangoni tunapambana na mtu ambae kaunta ilishaona kalewa ikaendelea kumuuzia.

mama_wa_jikoni:
Na kwenye timu awepo mlinzi wa kike. Kumkagua mdada mlangoni sio kazi ya mwanaume, na kuna mambo yakitokea chooni mdada hatamwambia baunsa wa kiume.

kaunta_ya_mbele:
Sawa mama, naanza kumtafuta huyo kwanza.