Waliosomea utangazaji wakarudi Lamu na Malindi: mmefika wapi?

Binti wa Langoni (Lamu)

Assalamu alaikum ndugu zangu. Swali langu ni kwa mliosomea mawasiliano, uanahabari au utangazaji, na hasa mliotoka Lamu, Malindi na vijiji vya jirani: baada ya mahafali mlielekea wapi, na kazi mnayoifanya leo ina uhusiano gani na mliyofunzwa?

Mimi nilisomea utangazaji wa redio na televisheni Nairobi katika ngazi ya diploma, nikafanya mafunzo ya kazini katika kituo kimoja cha redio, kisha nikarudi nyumbani kwa kuwa kuishi jijini bila mshahara ni mzigo ambao wazazi wangu hawakuweza kuendelea kuubeba. Tangu nirudi nimekuwa nikipiga picha na kuandika maelezo ya nyumba za wageni kule Shela, nikiongoza shughuli za harusi upande wa kina mama, na mara mojamoja nikiitwa kusoma matangazo ya mikutano ya hadhara. Riziki hupatikana, ila haina mpangilio. Wenzangu tuliohitimu pamoja wametawanyika: mmoja yuko chumba cha habari cha televisheni, mwingine anahudumia wateja wa benki, yuko aliyekwenda Qatar kufanya kazi ya hoteli, na yuko aliyerudi darasani kusomea ualimu. Nawafurahia wote, lakini kila habari ya mmoja wao inaponifikia, mama yangu huniuliza tena kama kisiwani hapa kuna nafasi ya mtu wa fani yangu, nami sina jibu la kumpa.

Hivi karibuni chombo kimoja cha habari kimenitaka niwe ripota wake wa Lamu kwa malipo ya kila habari itakayotumika, bila mshahara na bila nauli. Je, nikubali? Na je, yuko yeyote kati yenu anayeishi kwa taaluma hii bila kuhama Pwani?

Mwana wa Mambrui (Malindi)

Wa alaikum salaam, dada. Mimi nilisomea mawasiliano ya umma chuo kikuu nikiwa na hamu ya kusoma taarifa ya habari, na leo ni afisa wa mawasiliano wa shirika la uhifadhi wa bahari. Sijatangaza redioni hata siku moja, lakini hakuna wiki inayopita bila kazi yangu kudai kile nilichofunzwa: kusikiliza, kuchuja, kupanga maneno ili aliyekusudiwa ayaelewe.

Ushauri wangu ni kwamba usitafute nafasi yenye cheo cha mtangazaji peke yake. Tafuta mahali ambapo watu wana haki ya kuelezwa jambo na hakuna wa kuwaeleza, kwani Lamu yetu imejaa mahali hapo. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye mikutano na wananchi, na zinataka tangazo lisomwe redioni kwa lugha rasmi na pia kwa lugha za wenyeji. Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) ilifuta leseni ya mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na mojawapo ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya athari za ujenzi wa bandari ya Lamu. Hebu fikiri ni watu wangapi kutoka Faza mpaka Kizingitini, kule kisiwani Pate, waliohitaji mtu wa kukaa nao awafafanulie uamuzi wa namna hiyo, aya kwa aya, kwa lugha yao. Hiyo ni kazi ya mawasiliano kamili, na mashirika, makampuni ya ushauri na idara za serikali huilipia.

Nitoe mfano mmoja wa kazini kwangu. Tulikuwa na ramani ya eneo la hifadhi ambalo uvuvi wa nyavu fulani umekatazwa, na wataalamu walikuwa wameichora kwa nambari za latitudo na longitudo. Tulipoipeleka kwa wavuvi mkutano uliishia kwa kelele, na walikuwa na haki, kwa sababu wao wanaijua bahari kwa majina ya miamba, mikondo na vilindi. Nikaketi na manahodha wawili wazee, tukayaandika majina hayo juu ya ramani ileile, tukaichapisha upya kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye banda la samaki. Mkutano uliofuata ulikuwa wa maswali, tena maswali mazuri, na wavuvi wenyewe ndio waliotuonyesha sehemu ambayo mpaka ulikuwa umekosewa.

Soma pia kifungu cha 95 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Kinaitaka kaunti iweke njia za kuwasiliana na wananchi, na kinataja televisheni, vituo vya teknolojia ya habari, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara na njia za jadi. Ukienda kuomba kazi ofisi ya kaunti ukiwa umekisoma, ukaeleza ni kipi kati ya hivyo utakachokisimamia na kwa namna gani, utasikilizwa tofauti na anayepeleka vyeti tu.

Ripota wa Pwani (Malindi)

Dada, nitajibu lile la kulipwa kwa kila habari, maana ndiyo maisha yangu. Usilikatae, ila usilifanye kuwa tegemeo lako la pekee.

Habari ya kutoka Faza au Kiunga ina gharama kabla hujaandika neno la kwanza. Kuna nauli ya boti, kuna chakula, na kuna kulala huko iwapo chombo hakirudi siku ileile kwa ajili ya maji kupwa. Mimi nimewahi kufuatilia habari ya visima vilivyoingia chumvi, nikatumia nauli iliyozidi malipo niliyopata, na malipo yenyewe yalichelewa mpaka nikaacha kuyaulizia. Kwa hiyo mwandikie mhariri ukiwa bado hujakubali, umuulize kiwango cha malipo ya maandishi, ya picha na ya sauti kila kimoja mbalimbali. Hulipwa baada ya muda gani. Nani anagharamia safari atakayokutuma yeye. Na picha zikishatumika zinabaki kuwa za nani. Mwombe pia barua ya kukutambulisha. Bila barua ya mwajiri au mhariri ni vigumu kupata kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari, na kitambulisho hicho huhuishwa kila mwaka. Katika kaunti inayopakana na Somalia, yenye vizuizi vya usalama barabarani, mtu anayebeba kamera bila kitambulisho hujiingiza taabuni bure.

Faida ya kazi hii ni jina. Watengenezaji wa filamu za hali halisi wanaokuja Lamu, Watamu au Malindi hutafuta mwenyeji anayejua habari za mahali, mwenye kuaminika na wazee, na anayejua kupanga ratiba. Humtafuta kupitia habari alizoandika. Malipo ya kuwaongoza kwa siku chache yanaweza kupita ya habari nyingi za gazeti, na mimi ndiyo yaliyonijengea chumba. Hata hivyo naendelea kuandika, kwa sababu naamini kwamba Lamu ikikosa ripota wake, habari zake zitaandikwa na watu walioko Nairobi kwa kupiga simu mbili, na nyingi zitahusu usalama peke yake.

Fundi Mitambo (Malindi)

Salaam kwenu. Mimi nilisomea upande wa ufundi wa utangazaji, ambao mara nyingi husahauliwa katika mazungumzo haya. Televisheni ilipohamia dijitali mwaka 2015, kila kituo kikaacha kuhitaji mtambo wake wa kurushia matangazo, kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni chache za kusambaza mawimbi kama vile Signet iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la taifa. Nafasi za mafundi wa mitambo zikapungua. Nikahamia minara ya simu kwa muda, kisha nikarudi kwenye sauti: kumbi za mikutano za hoteli, harusi, misikiti, mihadhara, na wakati wa Maulidi huja huko kwenu Lamu na vifaa vyangu. Kazi ipo, na wanaoijua vizuri ni wachache. Dada, kama unajua kuchanganya sauti, liseme hilo wazi unapojitambulisha kwa wateja, kwa sababu anayeweza kuongoza shughuli na pia kusimamia vipaza sauti huitwa mara ya pili.

Bi. Mstaafu (Lamu)

Mwanangu, pole kwa mashaka na hongera kwa kutokaa bure. Nilifanya kazi ya redio Mombasa mpaka nikastaafu, na nina maneno ambayo pengine hayatalingana na ya Mwana wa Mambrui, ingawa aliyosema ni ya kweli.

Enzi zetu njia ilikuwa moja. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alijiunga na redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ambayo leo ni KBC, mwaka 1964, na alipofariki Februari 2025 wako Wakenya waliomlilia ambao hawakuwahi kumwona ila walikua wakiisikia sauti yake. Kituo kilikuchukua kijana, kikakufunza, kikakulea. Redio za binafsi za FM zilipofunguliwa katika miaka ya 1990 nafasi ziliongezeka, lakini vituo vingi vikawa vinamtaka mtu aliyekwisha kuiva. Msione kwamba ninyi ni wavivu kuliko sisi, mlango ulibadilishwa.

Penye tofauti yetu ni hapa: kama moyo wako uko kwenye utangazaji, usiuache ukafa kwa kufanya kazi za jirani yake tu. Sauti huzoeshwa kila siku au hudorora. Una Kiswahili cha nyumbani, unajua wapi mkazo unakaa, na hilo ni mali. Idhaa za Kiswahili za kimataifa, ya BBC tangu 1957 na ya Ujerumani tangu 1963, zimelelewa na watu wa Pwani na visiwani kwa kiasi kikubwa. Leo kuna pia tamthilia za kigeni zinazoingizwa sauti za Kiswahili, vitabu vya kusikiliza, masomo ya watoto na matangazo ya afya. Wanaotafuta sauti hawakuulizi unaishi wapi. Wanauliza kama rekodi yako ni safi.

Basi nikueleze namna ya kuipata rekodi safi katika nyumba zetu. Usirekodi barazani wala kwenye chumba cha juu kilicho karibu na paa. Ingia chumba cha ndani kabisa, kile ambacho wazee walikiita ndani, kwa kuwa kuta za mawe ya matumbawe ni nene na sauti za njiani hazifiki. Kama nyumba yenu ina ukuta wa vidaka, vile vishubaka vya ukutani, ugeukie, maana vidaka vinavunja mwangwi ambao ukuta mtupu ungeurudisha. Nyuma yako tundika leso na blanketi, tandika jamvi chini. Subiri baada ya Isha, punda wametulia na mashine za boti zimezimwa. Kipaza sauti kiwe kando kidogo ya mdomo, usikielekee moja kwa moja, ili herufi p na b zisipige. Rekodi kwa kilohezi 48, na uhakikishe kilele cha sauti kinabaki karibu desibeli 6 chini ya sifuri. Kisha soma taarifa ya habari, tangazo moja la biashara, na kisa kifupi chenye wahusika wawili wanaozungumza. Sampuli hizo tatu zinamtosha mwajiri yeyote kukujua. Na ikitokea nafasi yenye mshahara Nairobi au Mombasa, nenda mwanangu. Lamu haihami.

Binti wa Langoni (Lamu)

Shukurani zisizo na mpaka kwenu nyote. Bi., nyumba ya nyanya yangu Mkomani ina vidaka, nami nitaomba ruhusa ya kuutumia ule ukuta juma hili. Kaka wa Mambrui, kifungu cha 95 nimekisoma jana usiku na nimeanza kuandika mpango mfupi wa kuwafikishia watu wa visiwa vya kaskazini matangazo ya kaunti kwa Kibajuni, lahaja yao ya Kiswahili, maana wengi wao huyapata baada ya tarehe kupita, na hili limeniuma siku nyingi.

Nina swali moja lililobaki. Nilisoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mapato yangu hayana tarehe. Ninyi mlifanyaje?

Ripota wa Pwani (Malindi)

Usikae kimya, dada. Sheria inakutaka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na adhabu ya kuchelewa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo kwa mtu wa kipato chetu huweza kuzidi kile ambacho angelipa. Mimi nilikwenda dawati la HELB katika kituo cha Huduma, kile cha huduma za serikali, nikaeleza kwamba sina mwajiri wa kunikata mshahara, tukakubaliana kiasi ninachokimudu, nami hulipa kwa simu kila ninapolipwa na wageni wa filamu. Hifadhi ujumbe wa kila malipo.

Na huo mpango wa Kibajuni, ukiukamilisha, uambatanishe na rekodi ya tangazo moja la mfano lililosomwa na mtu wa Faza au Kizingitini, lisipite dakika moja. Afisa wa kaunti ana makaratasi mengi mezani, lakini sauti ataisikiliza hapohapo. Mimi nina kinasa sauti cha akiba; nikija Lamu mwezi ujao nitakuletea ukitumie.