Maandamano Mwanza: hasara ya duka kufungwa inahesabiwa, ya mdomo kufungwa inaandikwa daftari gani?

Muuza Dagaa, Kirumba Mwaloni (mleta mada)
Mwangaluka wadau. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Oktoba. Jana sokoni kaka mmoja, mteja wangu wa miaka sita, amesema mbele ya watu kwamba kila anayetetea haki ya kuandamana achangishwe alipe hasara ya maandamano ya siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hasara naijua. Nilikuwa na magunia 14 yamefungwa. Mteja wangu wa Lubumbashi hatumi hela mpaka aone picha ya dagaa kwenye simu, na intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Picha haikwenda. Mvua ya vuli ikanyesha usiku, maji yakapita chini ya turubai. Gunia la chini ukilifungua linatoa mvuke, dagaa wananata kwenye vidole kama ugali mbichi. Matatu nimeyauza bei ya chakula cha kuku. Lakini intaneti haikuzimwa na mwandamanaji.

Sasa naomba tuhesabu na hili. Kuna sehemu tunapakilia mzigo, ushuru wa gunia ulipandishwa bila kuulizwa mtu. Tulikuwa wanawake kama 40. Tukasema twende kwa miguu mpaka ofisini, tusiimbe, tusibebe hata kijiti, tuulize tu. Tukaambiwa msije kundi, njooni mmoja mmoja. Tukaenda mmoja mmoja, tukarudishwa mmoja mmoja. Mpaka leo tunalipa. Hiyo si hasara? Nani anaiandika?

Mfanyabiashara, Rwagasore
Mama yangu, pole kwa mzigo. Ila hilo la kusema hukupiga makofi limeniuma, maana ni kama sisi tuliofunga maduka hatuna utu. Nilifunga siku tano. Nina vijana wanne wanakula hapo dukani, nikawalipa bila kuuza hata soksi. Mlinzi wangu alilala chini ya meza ya kaunta usiku mzima akisikia milio. Usiniambie kuhusu haki, niambie kuhusu huyo mlinzi.

Halafu tuseme ukweli: watu wa kanda hii si watu wa maandamano. Msukuma analima, anafuga, anavua, anakula, analala. Haya mambo yameigwa Nairobi.

Ng'wana Geita
Rudia hapo. "Msukuma analima, anakula, analala." Umetuweka zizini pamoja na ng'ombe wetu?

Kaka, mimi ni wa Geita. Babu yangu alivuka maji akaja hapa Mwanza na wenzake, maelfu, kumwambia mkuu wa jimbo wa Mwingereza kwamba halmashauri yao hawaitaki. Wakapigwa mabomu ya machozi hapahapa mjini. Ilikuwa 1956 kama sikosei. Nairobi gani tuliiga?

Dereva, Buzuruga–Kishiri
Na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Dar kuunga mkono Azimio la Arusha. Kwa hiyo kutembea barabarani si uhaini.

Mwalimu Mstaafu, Magu
Wanangu, mnachanganya. Mwalimu alitoka Butiama akaja *Mwanza*, Oktoba 1967, kwenye mkutano mkuu wa TANU. Siku nane njiani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, tulipangwa barabarani tukashikishwa majani, miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Aliyeelekea Dar ni kijana Seti Benjamin, alitoka Arusha mwaka huohuo na wenzake, akafia njiani.

Na Geita ni 1958, si 1956. Serikali ya kikoloni ililazimisha halmashauri ya mchanganyiko, Wazungu na Waasia wakae humo pamoja na machifu, wakati wenyeji hawakuulizwa. Kumbukeni pia TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukumani tangu 1954. Nchi nzima ina matawi, sisi hatuna. Marufuku ile ikaondolewa mwaka huo wa 1958, na halmashauri yenyewe haikudumu.

Ng'wana Geita
Shikamoo Mwalimu. Nimerekebika, 1958. Basi kaka wa Rwagasore anijibu: hao walikuwa wamelala?

Mfanyabiashara, Rwagasore
Mwalimu nakuheshimu, lakini umenipa mimi ushindi. Nyerere alitembea kuunga mkono siasa ya serikali yake. Hiyo ni matembezi ya hisani. Na wa 1958 walimkataa mkoloni. Leo mkoloni ni nani? Tunajitawala, kuna diwani, kuna mbunge, kuna vikao. Na sikutukana kabila la mtu, mimi mwenyewe mama yangu ni wa Misungwi.

Fundi Simu, Makoroboi
Mama yako ni wa Misungwi, halafu unasema tunakula na kulala. Angeisoma hii?

Twende kwenye vikao unavyovisifia. Novemba 2015 Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa CHADEMA Geita, aliuawa. Ndugu na chama wakataka kumuaga hapa Mwanza. Kuaga maiti tu. Polisi wakazuia, sababu mojawapo kipindupindu. Familia ikaenda Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, ikashinda, tukamuaga uwanja wa Furahisha. Mimi nilikuwepo, na soko la samaki siku hiyohiyo lilikuwa limejaa watu wanabanana kama kawaida, kipindupindu hakikuwahusu wao.

Julai 2021, Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA taifa, alikuja kwenye kongamano la Katiba, mikusanyiko ikapigwa marufuku, safari hii korona. Akakamatwa usiku hotelini, akafunguliwa kesi ya ugaidi, akatoka Machi 2022 kesi ilipofutwa. Magonjwa ya Mwanza yanawapata watu wanaotaka kuzungumza tu.

Dereva, Buzuruga–Kishiri
Ila Februari 2024 CHADEMA waliandamana hapa, polisi wakawasindikiza, hakuna aliyevunja hata taa ya gari. Nilikwama nyuma yao kama saa moja, abiria wangu mmoja akashuka akaungana nao bila kulipa nauli. Hiyo ndiyo hasara yangu yote ya siku ile.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Asante dereva. Umeona? Wale walikuwa na KIBALI. Ndilo ninalolisema siku zote: mwenye kibali aandamane, asiye na kibali akae kwake.

Wakili Kijana, Nyamagana
Nilikuwa nasoma tu kimya ila neno hilo linanitoa usingizini. Hakuna kibali. Kibali kiliondoka zamani. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu mwaka 1993 kupinga sheria iliyomtaka mwananchi aombe ruhusa ya polisi ili akutane na wenzake. Akashinda. Mahakama ikasema huwezi kupewa uhuru na Katiba, Ibara ya 20, halafu uende kuuomba tena kituoni. Sheria ikabadilishwa. Leo kinachotakiwa ni TAARIFA, saa 48 kabla, kwa mkuu wa polisi wa eneo: mahali, muda, madhumuni. Anayetoa taarifa haombi, anaarifu.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Na polisi akisema hapana?

Wakili Kijana, Nyamagana
Hapo ndipo kidonda kilipo. Sheria inampa afisa nguvu ya kuzuia akiona amani itavunjika. Kwa hiyo mlango wa mbele umeandikwa "taarifa", ukiingia ndani unakuta "kibali" kimekaa kwenye kiti. Na tangu 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kwa tamko, si kwa sheria. Watoto waliokuwa darasa la kwanza walifika sekondari hawajawahi kuona mkutano wa upinzani uwanjani nje ya kampeni.

Dereva, Buzuruga–Kishiri
Wakili, sheria mnazijua baada ya watu kuumia. Oktoba mlikuwa wapi?

Wakili Kijana, Nyamagana
Oktoba nilikuwa kituoni, nje ya geti, siku tatu, na orodha ya majina ya vijana niliyopewa na mama zao, siruhusiwi kuingia. Usiniulize tena swali hilo kwa namna hiyo.

Dereva, Buzuruga–Kishiri
Nimekosa. Samahani kaka.

Jirani, Kisumu
Hamjambo watu wa ng'ambo ya ziwa. Nimevutwa hapa na hilo neno la "yameigwa Nairobi". Sisi hatukumtuma mtu kwenu. Juni 2024 vijana wetu walikataa Muswada wa Fedha. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 37, inasema wazi unaweza kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi huna silaha. Mkate ungepanda bei, haukupanda. Hilo lilipatikana kwa miguu.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Na mlizika wangapi kwa ajili ya huo mkate? Mnakuja kutufundisha huku makaburi bado mabichi?

Jirani, Kisumu
Tulizika zaidi ya hamsini mwaka ule, nchi nzima. Usidhani sijui. Mtoto wa shemeji yangu anatembea na gongo hadi leo, anafundishwa na mdogo wake kupanda ngazi. Lakini kaka, hakuna hata mmoja aliyeuawa na maandamano. Waliuawa na risasi. Mbona deni la risasi unamwandikia aliyepigwa?

Mama, Igogo
Mnabishana vizuri, lakini niwaambie na mimi. Mwanangu ana miaka 19. Siku ile ya uchaguzi alitoka saa nne asubuhi, akasema anakwenda kuangalia tu. Simu haipatikani. Nilipanda ule mlima wa mawe nikiita jina lake mpaka sauti ikaisha, kila nikisikia mtu anakohoa nyuma ya jiwe nageuka. Nilimpata kesho yake jioni kwa rafiki yake, amejifunika gunia, amejikojolea, mtu mzima. Sikumuuliza kama aliandamana. Nilimwogesha kama mtoto mdogo.

Rais aliunda tume ya kuchunguza mambo ya siku zile, Novemba 2025, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande. Mnaosema hasara, hasara, tume mlikuwa nayo ya kuiambia kioo kimevunjika. Mimi nataka nijue kwanza kwa nini mtoto wa watu asirudi kwao akiwa na furaha kwamba amesema neno lake.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Mama, hapo sina la kusema. Mungu ashukuriwe kwa kijana.

Fundi Simu, Makoroboi
Mimi ninalo. Sisi machinga tuliondolewa Makoroboi mwishoni mwa 2021, tukapelekwa tulikopelekwa. Hatukuandamana. Tulikuwa wapole kama anavyotaka kaka. Wengi walikufa mtaji kimya, wengine tumerudi kwa kunyata, tunauza huku jicho liko barabarani. Upole wetu ulitulipa nini?

Ng'wana Geita
Ndugu zetu wafugaji waliswagwa kutoka bonde la Ihefu, Mbeya, na ng'ombe wao miaka ile ya 2006, nao wapole. Ndiyo maana neno "Msukuma analala" siliachii. Ni neno linalowasaidia watu kutufanya wanavyotaka.

Mwalimu Mstaafu, Magu
Ng'wana, shusha pumzi. Amekwishasema hakukusudia. Ila na wewe mfanyabiashara, niliandika kwenye ubao miaka 34, najua neno likishaandikwa halifutiki kwa kiganja. Sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa vijiji, ilianzia huku kwetu, watu walijipanga wenyewe walipoona wizi umezidi. Ilikuwa na mabaya yake, watu waliumizwa bila hukumu, siifichi. Lakini haikuwa kazi ya watu waliolala.

Muuza Dagaa, Kirumba Mwaloni
Wadau, mada imehama mpaka Ihefu. Mimi niliuliza kuhusu ushuru wa gunia na wanawake 40. Hakuna aliyenijibu.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Nikujibu mimi. Ushuru ukipanda bila kuulizwa ni makosa. Hata sisi huku tunaumia. Lakini andikeni barua, chagueni watatu wenye busara.

Muuza Dagaa, Kirumba Mwaloni
Tuliandika mbili. Ya kwanza ilipotea. Ya pili tuliambiwa aliyetia saini aje mwenyewe, alipokwenda akaulizwa nani amekutuma. Analea wajukuu watatu, akaogopa, akasema hakutumwa na mtu. Tangu siku ile hakai na sisi tukipepeta dagaa, anakaa pembeni peke yake na ungo wake. Kaka yangu, tukiwa 40 nani ataulizwa ametumwa na nani?

Wakili, hiyo taarifa ya saa 48 inaandikwaje?

Wakili Kijana, Nyamagana
Karatasi moja inatosha. Andika mtakapoanzia, mtakapoishia, saa, na madhumuni kwa sentensi moja. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili wagonge muhuri na waandike tarehe na saa ya kupokea, usiondoke bila muhuri. Wakizuia, wazuie kwa maandishi. Zuio la mdomo usilikubali, maana huwezi kulipeleka mahakamani. Njoo ofisini Jumatatu, sitaki hela.

Mama, Igogo
Na mimi nihesabuni. Wa 41.

Mfanyabiashara, Rwagasore
Mtapita Rwagasore? Niambieni mapema saa ngapi, nijue saa ya kufunga.

Muuza Dagaa, Kirumba Mwaloni
Tukipokelewa taarifa, saa tatu asubuhi. Ni akina mama na kanga zetu. Usifunge, kaka. Weka maji ya kunywa mlangoni.

Ng'wana Geita
Na la 1958 bado hujanijibu.