Vizimba vya samaki Ghuba ya Winam: vibaki, viondolewe au visogezwe?

Mwanzilishi wa mjadala, mwalimu, Kisumu

Nauliza wazi, na nawaomba wavuvi, wenye vizimba na wakulima wa huko juu wajibu. Vizimba vya samaki, yaani nyavu zilizofungwa kwenye fremu majini, vilivyo karibu na nchi kavu humu Winam, ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, viachwe vilipo, au visogezwe hadi maji makuu, kule ziwani kwenye kina kirefu? Mimi nasema visogezwe.

Nafundisha Baiolojia. Tukifika mada ya ekolojia, wanafunzi hukariri kwamba mazingira yana sehemu zenye uhai na sehemu zisizo na uhai, kisha wanafunga daftari. Mwishoni mwa 2022 somo hilo lilitufuata hadi ufuoni. Samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa ufuo wa Ogal, karibu na Kisumu, na mtaani kila mtu akasema ni sumu. Ukweli ni kwamba maji yaliishiwa oksijeni.

Tilapia wa kizimbani hulishwa punje za chakula cha kutengenezwa. Ili aongeze kilo moja ya mwili, anahitaji kama kilo moja na nusu ya chakula. Kinyesi chake na punje alizoacha huzama, na bakteria walio topeni huvila. Bakteria nao hutumia oksijeni, basi maji ya chini yanaishiwa taratibu bila mtu kuona kitu. Siku upepo unapokoroga ziwa, maji hayo hupanda juu. Samaki aliye huru hukimbia, lakini wa kizimbani amefungiwa humo humo.

Ghuba yetu ni ya kina kifupi, na imeungana na ziwa kubwa kupitia mlango mwembamba kati ya Rusinga na bara. Maji yake hayabadilishwi upesi. Tunachokitupa leo tutakuwa nacho muda mrefu.

Mwenye vizimba, pwani ya Siaya

Mwalimu, nakuheshimu, na maelezo yako ya oksijeni ni sahihi. Nimepoteza samaki wa vizimba viwili asubuhi moja, wa miezi sita, waliobakiza wiki chache tu wavuliwe. Mkopo nilikuwa nao na bado ninao.

Lakini umeanza hadithi katikati. Gugu maji lilionekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 1998 meli zilikuwa zinashindwa kuingia bandari ya Kisumu. Wakati huo kulikuwa na vizimba vingapi? Gugu halinenepi kwa maji matupu. Lilikuta mbolea imeshajaa, iliyoletwa na maji taka ya mji kupitia Mto Kisat, na udongo wa mashamba unaoteremka na Mto Nyando kila masika. Sisi tulikuja nyuma kabisa, na sasa sisi ndio wa kuhama?

Halafu hayo maji makuu. Huko mawimbi yanavunja fremu za mabomba tunazotumia. Unahitaji fremu nzito, injini, mafuta ya kila siku na walinzi wa usiku. Ukisema visogezwe, umesema vibaki vya matajiri. Sisi wengine tutarudi kutazama samaki wa barafu kutoka China wakiuzwa sokoni.

Muuza samaki, Dunga

Ndugu zangu, nyote wawili mnaongea habari za kizimba. Mimi naomba tuongee habari za mafunjo, yale majani marefu ya kinamasi cha ufuoni.

Mafunjo yakiwa mazima, maji machafu ya mto hupita humo polepole, tope linatua, mizizi inachukua ile mbolea. Samaki wachanga hujificha humo wasiliwe. Kamongo na mumi wako humo. Sasa watu wanayachoma wapande nduma na sukuma, na mwenye vizimba anakuja kufunga pale pale mbele yake kwa sababu hakuna mawimbi. Mume wangu akitaka kutega nyavu anaambiwa apite mbali. Yale ni mazalio. Tangu lini mazalio yakawa na mwenyewe?

Na hili la kuambiwa samaki wa kufuga ni mkombozi, tumeshaambiwa. Mbuta, yaani sangara, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Alipokuja kuongezeka miaka ya 1980, fulu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wa aina mamia wakaangamia, na mama mkwe wangu hutaja majina ya samaki ambao sijawahi kuwaona. Viwanda vikajengwa, minofu ikapelekwa Ulaya, sisi tukabaki na mgongo wazi, ile mifupa iliyotolewa minofu. Sisemi tilapia wa kizimbani ni mbuta. Nasema kila mara faida huhesabiwa mapema na hasara huachiwa akina mama wa ufuoni.

Mkulima wa miwa, Muhoroni

Mmetutaja, na ni kweli. Mvua kubwa ikipiga, mbolea niliyonunua kwa taabu inaondoka na udongo wangu. Nami sifurahii. Lakini shamba linafika hadi ukingoni mwa mto, na nikiacha kipande kiote nyasi na miti, hiyo ni miwa iliyopungua. Nani atanilipa?

Mwanzilishi wa mjadala

Nimesoma yote. Mwenye vizimba, la gharama umenishinda, sikuwa nimelipima. Naondoa neno "visogezwe vyote".

La kutangulia kwa mji na mto ni kweli pia, ila kwangu linanitia hofu zaidi. Wale fukusi, wadudu wa kula gugu, waliachiliwa upande wetu 1997, gugu likapungua sana, tukashangilia. Miaka michache baadaye lilirudi kwa sababu chakula chake hatukukiondoa. Sasa kwenye maji hayo hayo yaliyoshiba tunaongeza punje kila siku. Aliyetangulia kulichafua ziwa hakukupa nafasi ya ziada.

Kwa hiyo nageuza hoja. Kila kighuba kipimwe kinabeba tani ngapi za samaki, na vizimba vihesabiwe kwa pamoja, maana maji hayajui ni cha nani. Mbele ya mafunjo na kwenye mazalio pasiwekwe hata kimoja. Hapo nasimama na mama wa Dunga. Wenye vizimba vichache waungane wanunue fremu za maji makuu. Mkulima wa Muhoroni naye alipwe kwa ukingo anaouacha. Hilo la kulipwa sikutegemea kulisema leo.

Mwenye vizimba, nina swali moja. Chini ya wavu wako, hadi topeni, kuna mita ngapi?

Mwenye vizimba, pwani ya Siaya

Mbili. Ziwa likijaa, tatu.